Mashua Chini ya Mabati

Gatini wananiita Pilipili, na jina hilo sikulipata kwa kuuza viungo. Nina hasira za karibu. Mke wangu husema hasira zangu hukaa mlangoni zimeshavaa viatu, zinangoja kuitwa tu. Basi mwenye mali mpya alipozungusha ukuta kwenye kipande cha ufuko tulipokuwa tukiweka vyombo vyetu, akatia na geti, mimi ndiye niliyetukana kuliko wote, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kutafuta pa kuipeleka mashua yangu. Wenzangu waliitumia ile wiki moja tuliyopewa ya kuondoa vyombo kutafuta nafasi. Mimi niliitumia kumtukana mlinzi wa geti, mtu wa watu ambaye hata mwezi hajamaliza kazini.

Ziwa letu hufungwa miezi mitatu kila mwaka ili samaki wazaane. Miezi hiyo kila chombo lazima kiwe nchi kavu, ni amri, na kwa miaka thelathini tulikuwa tunavivuta pale pale ufukoni, tunavifunika magunia, tunakwenda kushona nyavu. Sasa getini palibandikwa karatasi ya bei: unalipia urefu wa chombo kwa wiki, unalipia kukipandisha mteremkoni, na siku ya kukishua unalipia tena kukiteremsha. Nilipiga hesabu mara moja tu nikaacha. Kwa bei zile ningekuwa nawavulia wao samaki.

Mwaka huo kulikuwa na jambo jingine, kubwa kuliko geti. Mlangoni kwa ofisi ya uvuvi walibandika tangazo kwamba Jumatatu ya kufunguliwa kwa ziwa mkaguzi atapita gatini. Chombo atakachokikuta kinaelea, leseni yake itaendelea. Kisichoelea, leseni inafutwa, na leseni mpya hazitolewi tena kwa sababu vyombo vimezidi. Nilisoma tangazo lile mara mbili. Nina miaka hamsini na sita na sijui kazi nyingine. Kukasirika nakujua vizuri, lakini hakuna anayekulipa kwa hilo.

Nikaanza kuzunguka. Mwenye godauni la magodoro alinipokea vizuri, akanipa na kiti, kisha akaniambia harufu ya samaki ikishaingia kwenye godoro haitoki, mteja ataota anazama kila usiku. Mwalimu mkuu wa shule ya karibu alikubali haraka mno, nikashtuka, mpaka aliponiuliza kama naweza kuiacha moja kwa moja ili wanafunzi wapande maua ndani yake. Fundi magari naye alikuwa na uwanja, ila kila gari likitaka kutoka ingebidi mashua isogezwe, na mashua haina gia ya kurudi nyuma. Nyumbani kwangu ni vyumba viwili vya ghorofani, mlango unafungukia ngazi. Nilirudi jioni miguu inauma, nikamkuta mke wangu anachambua mchele.

"Mdogo wako ana karakana," alisema bila kuinua macho. "Ina uwanja, ina paa. Sasa wewe unatafuta nini kwa watu wa magodoro?"

"Nitakwenda."

"Utakwenda lini? Umesema hivyo tangu juzi."

Mdogo wangu ni fundi seremala. Anatengeneza viti, vitanda na makabati, na mji mzima unamwita Randa, kwa kile chombo chake cha kulainishia mbao. Baba yetu alikuwa na wana wawili na mashua moja. Mimi nilipelekwa majini, yeye akapelekwa kwa seremala, na baba alipofariki mashua ilibaki mikononi mwangu bila mtu kuuliza. Randa naye hakuuliza. Mara moja tu, tumekaa msibani, aliniambia kwa utani, "Kaka, fundi wa mbao ni mimi, lakini mbao ya maana kwenye familia hii unayo wewe." Nikacheka. Naye alicheka, ila alimaliza kabla yangu.

Ndiyo maana sikutaka kwenda kwake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi mgongo wangu haujazoea.

Nilipokwenda, hakunisubiri hata nimalize kusema. "Ilete," alisema. "Ilete leo. Ungekuja wiki iliyopita ningekuwa nimeshaifagilia." Nikakodi tela, tukaipandisha mashua taratibu mpaka mlimani kwake, na nilipofika nikakuta ametoa nje kabati la mteja na kulifunika turubai ili mashua yangu ipate kukaa ndani. Karakana yake ni nguzo na mabati tu, hakuna dari. Saa sita mchana ukisimama mle unahisi nywele zinakauka kichwani.

Mkewe, shemeji yangu, alitoka kunisalimia na kunikaribisha. Nyuma yake ukutani yalipangwa madumu ya maji. Bomba la mji halipandi ule mlima, maji yanaletwa kwa mkokoteni na kila dumu linalipiwa, na niliona jinsi alivyomnawisha mtoto mkono mmoja kisha kwa maji yale yale akamnawisha mkono wa pili.

"Kaka," Randa aliuliza, ameshika ukingo wa mashua kwa mikono miwili, "ikiwa hapa inahitaji nini?"

Hapa lazima nieleze, maana mambo yote yaliharibikia hapa. Mashua ya mbao ikikaa nchi kavu hunyweshwa. Ndoo mbili kila asubuhi unazimwaga ndani, na magunia unayalowesha unayatandika juu yake. Usipofanya hivyo mbao zinasinyaa, na kati ya ubao na ubao panafunguka nafasi ya kupitisha mwanga. Pale ufukoni lilikuwa jambo dogo, maji yako hatua kumi. Baba alinifundisha kabla sijafundishwa kusoma. Kila mvuvi analijua, na hakuna seremala wa viti anayelijua, kwa sababu kiti hakuna anayetaka kilowe.

Niliyatazama yale madumu. Nafasi nimepewa bure, kabati la mteja limetolewa nje kwa ajili yangu, halafu nianze kusema naomba na ndoo mbili za maji kila siku kwa miezi mitatu? Mbele ya shemeji? Ulimi ulikataa.

"Haihitaji kitu," nikasema. "Iache tu."

"Hakuna kabisa?"

"Nimeshakwambia. Wewe endelea na vitanda vyako."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini wahenga hawakuwahi kuomba maji kwa shemeji.

Tena nilikuwa na mpango wangu. Mashua iliyokauka hujitibu yenyewe ukiijulia. Unaishusha majini siku mbili kabla, unaiacha ijae maji na kukaa chini pale penye kina kifupi. Inatia aibu kuitazama, lakini mbao zinakunywa, zinavimba, kila ubao unamsogelea jirani yake, na siku ya tatu ukiyakumba maji na kuyamwaga nje unaikuta imejifunga. Sharti ni moja tu: zile nafasi ziachwe wazi. Mbao ikivimba inataka pa kwenda. Nikajiambia Randa hana haja ya kujua hayo yote, kazi ni yangu na chombo ni changu.

Kilichobaki kilikuwa pa kushulia, maana gatini unaweza kufunga chombo lakini hakuna mteremko. Nilizunguka tena wiki nzima, na mwisho nikampata msimamizi wa kiwanda cha barafu. Wana mteremko wa zege wa kupakilia barafu kwenye vyombo vikubwa, na kipindi cha kufungwa hauna kazi.

"Jumamosi," alisema. "Wakubwa hawaji. Saa nne mpaka saa sita. Si kabla, si baada. Na mkichubua ukuta, mimi sikujui wewe wala mashua yako."

"Na malipo?"

"Kapu la kwanza ziwa likifunguliwa. Usiniletee vidagaa."

Jumamosi ishuke, Jumapili ilowe, Jumatatu asubuhi nikumbe maji na mkaguzi aikute inaelea. Ilitosha, ingawa kwa shida. Nilitembea kurudi nyumbani napiga mluzi, na mke wangu akauliza nani amekufa, kwa sababu kwangu mluzi si kawaida.

Mwezi wa kwanza nilipita kwa Randa mara mbili. Baada ya hapo niliacha. Mtu anayehifadhiwa bure hapendi kupitapita mlangoni, kila salamu anaiona deni. Nilijiambia nisiwasumbue. Kwa hiyo ilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla ya kushua, ndipo nilipopanda mlima kwenda kupanga habari ya tela.

Niliwakuta wananingoja. Randa, mkewe na watoto wao wawili wamesimama kwenye mstari kama wanapigwa picha, na mashua imefunikwa shuka la kitandani. Randa akashika pembe ya shuka akalivuta.

Sikuitambua. Alikuwa ameipaka rangi ya bluu, mpya, inayong'aa, na mstari mweupe chini ya ukingo, umenyooka kabisa. Lakini si rangi iliyonishtua. Mishono kati ya mbao ilikuwa haipo. Kutoka mbele mpaka nyuma, ubavu mzima ulikuwa laini kama mlango wa kabati.

"Ilianza kupasuka, kaka," Randa alisema. Alikuwa anaongea haraka. "Mwezi wa pili nikaona mwanga unapita kati ya mbao. Nikasema kaka akiona hivi atazimia, chombo cha baba kinamharibikia mikononi mwangu. Sikutaka kukusumbua. Nimetumia ile gundi ya kuchanganya makopo mawili, nikatia na unga wa mbao. Kila ufa nimeujaza mpaka ndani kabisa. Ikikauka ile ni jiwe. Hata sindano haipiti."

"Amekataa kazi ya kabati la maharusi kwa ajili ya hiyo mashua," shemeji alisema. Alisema kwa kulalamika, lakini alikuwa anatabasamu. "Wiki tatu nzima. Nikimwita kula anasema ngoja nimalize ufa huu. Nikamwambia basi lala humo."

Nilipitisha mkono ubavuni. Jiwe kweli. Nikaingiza ukucha kwenye mshono mmoja, haukuingia.

Nilijua papo hapo, na nataka ieleweke hivyo, sitaki kujifanya nilikuja kugundua baadaye. Mbao zile zilikuwa zimekauka miezi mitatu chini ya mabati. Zikiingia majini zitakunywa, na zikinywa zitavimba, na ile nafasi ya kuvimbia sasa ina jiwe. Ubao utasukuma ubao. Kitu lazima kitoe: ama misumari itang'oka, ama yatavunjika mataruma, yale mapinde ya ndani yanayoshika mbao kama mbavu zinavyoshika kifua.

Na nilijua dawa yake. Ilikuwa Alhamisi mchana. Watu wawili wenye patasi, wakianza saa ile na kesho yake kutwa, wangeweza kuchokoa gundi yote, na Jumamosi tungeishusha na mishono wazi. Rangi ingeharibika, basi. Ilikuwa ni kusema maneno matatu tu: Randa, lete patasi.

Lakini angeuliza kwa nini. Ningemweleza, naye angesema, mbona nilikuuliza siku ya kwanza ukaniambia haihitaji kitu? Mbele ya mkewe na watoto wake, na kabati la maharusi limeshapotea. Alikuwa na miaka arobaini na minane na ananitazama usoni kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule. Vidole vyake vilikuwa vimebabuka kwa ile gundi.

"Imependeza," nikasema.

"Imependeza?"

"Imependeza sana."

Akacheka, akampiga mkewe begani. "Si nilikwambia? Mtu huyu hajawahi kusifia kitu tangu azaliwe!" Watoto wakapiga makofi. Shemeji akaleta chai, nikanywa vikombe viwili, na kila nilipofungua mdomo nilimega mkate. Njiani kurudi nilianza kujipa matumaini. Labda mbao zile ni kuukuu, hazinywi sana. Labda rangi itazuia maji. Labda itashika mpaka Jumatatu tu, mkaguzi apite, kisha nitaitoa nikaichokoe kimyakimya. Nilihesabu labda zangu zote mpaka nikafika nyumbani.

"Umeikutaje?" mke wangu aliuliza.

"Nzuri."

"Nzuri vipi? Mbona uso hivyo?"

"Nimesema nzuri! Lazima niseme mara ngapi?"

Hakuniuliza tena. Ananijua, na wakati mwingine natamani angekuwa hanijui.

Jumamosi saa nne msimamizi alitufungulia, akageuka akatazama upande mwingine kama alivyoahidi. Tela ilirudi nyuma taratibu kwenye zege, magurudumu yakaingia majini, na mashua ikajiinua yenyewe, nyepesi, ikaelea. Nilitazama ndani. Hakuna hata tone. Mashua iliyokaa nchi kavu miezi mitatu imeshushwa na haivuji tone, jambo ambalo hata baba hakuwahi kuliona. Wapita njia wawili walisimama kushangaa ile bluu.

Randa alikunja suruali. "Nipande?"

"Panda. Shika kasia."

Sikumbuki kama niliwahi kumwambia hivyo maishani. Alikaa kwenye ubao wa katikati akavuta kasia vibaya, akaturushia maji wote wawili, akacheka mpaka akakohoa. Nikamwonyesha jinsi ya kulaza mkono. Tulikwenda kutoka kiwandani mpaka gatini, yeye anapiga makasia na mimi nimekaa nyuma, na alikuwa ananihadithia kila ubao: huu ulikuwa na ufa mrefu, huu ulikula kopo zima, huu hapa alitaka kuulilia. Nilikuwa na furaha. Nasema kweli, kwa ile nusu saa nilikuwa na furaha kuliko nilivyowahi kuwa kwa miaka mingi, na huku chini yangu nilijua kinachoendelea.

Tukaifunga gatini. "Jumatatu nitakuja," alisema. "Nataka nimwone huyo mkaguzi akiiandika."

"Una kazi zako. Usije."

"Nitakuja, kaka."

Jumapili nilikwenda peke yangu. Nilipokaribia nilisikia mlio, mdogo, mkavu, kama mtu anavunja ukuni mwembamba kwa goti. Kimya. Kisha tena. Nikaingia ndani ya mashua nikakaa. Rangi ya bluu ilikuwa imeanza kukunjamana kwenye mishono, gundi inasukumwa nje, na karibu na mbele kichwa cha msumari kilikuwa kimechomoza unene wa kucha. Nilikisukuma kwa kidole gumba. Mtu mzima, miaka arobaini majini, nasukuma msumari kwa kidole. Pa kuipandishia hapakuwapo, kiwanda kilikuwa kimefungwa na yule msimamizi alisema hanijui. Nilikaa mle mpaka njaa ikaniuma, nikarudi nyumbani nikawagombeza watoto kwa sababu ya redio.

Jumatatu asubuhi iliningoja imezama nusu. Ilikuwa imelala ubavu, kamba ya gati imeivuta shingo, maji ndani yamefika kwenye ubao wa kukalia. Mbao mbili za ubavu wa kushoto zilikuwa zimefunguka zikatokeza nje, na ndani nilihesabu mataruma matatu yamekatika. Lile la katikati baba alilichonga mwenyewe. Wenzangu walikuwa wanaendelea kukumba maji kwenye vyombo vyao, vyombo vibaya, vyenye viraka, vinavyoelea. Waliponiona walipunguza sauti.

Mkaguzi alifika saa tatu na jalada lake. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinikera kuliko kama angekuwa jeuri.

"Mzee wangu, hiki ni chako?"

"Ni changu."

"Hakielei."

"Naona."

"Kinaweza kuelea leo? Ninafunga orodha saa kumi."

Nilitazama yale mataruma. "Hakiwezi."

Aligeuza kalamu mkononi. "Basi nitamaliza hawa wengine kwanza," alisema, "halafu nitarudi kwako." Najua alikuwa ananipa muda wa kuizoea habari ile.

Ndipo nikamwona Randa anashuka njiani. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alianza kukimbia alipoiona mashua, akafika, akaingia majini na viatu vyake mpaka kiunoni. Alishika ule ubao uliofunguka, akapitisha kidole kwenye ukingo wake, pale ambapo ile gundi yake ilikuwa bado imeganda, nzima, ngumu, haina hata ufa. Akaingia ndani akagusa mataruma yaliyokatika. Nilimwona anasimama. Yeye ni fundi wa mbao. Hakuhitaji kuelezwa na mtu.

"Ilitaka kuvimba," alisema. "Nimeinyima nafasi."

Niliinama nikashika kamba ya gati.

"Ni mimi, kaka. Nimekiua chombo cha baba." Hapo ningeweza kumwacha aamini hivyo, au ningeweza kusema mataruma yalikuwa yameoza, yalikuwa ya zamani, si kosa la mtu. Uongo wa aina hiyo nilikuwa nao tayari mdomoni. Lakini aliinua uso akanitazama, na nikaona anakumbuka kitu.

"Alhamisi," alisema. "Ulipitisha mkono hapa. Ukaingiza ukucha."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

Kuna watu walikuwa wanasikiliza. Mkaguzi alikuwa vyombo viwili kutoka kwetu.

"Nilijua," nikasema.

"Tungeweza kuitoa ile gundi?"

"Tungeweza."

"Na siku ya kwanza, nilipokuuliza?"

"Ilitakiwa maji. Ndoo mbili kwa siku. Niliona maji yenu ni ya kununua, nikaona haya."

Alisimama mle ndani, shati jeupe limemganda mwilini, anajaribu kuelewa. Nilingoja anitukane. Ningependa sana anitukane, ningejua la kujibu.

"Ningekataa?" aliuliza. "Kaka, wewe ulidhani ningekunyima maji?"

"Sikudhani hivyo."

"Ulidhani nini?"

Alipanda gatini, akakamua shati lake mbele, akakamua mifuko.

"Nilimwambia mke wangu mwaka huu kaka ameniamini," alisema, si kwa hasira, na wala hakuwa ananiambia mimi. "Niliwaambia na watoto." Akaondoka akiacha alama za maji mpaka mwisho wa gati. Nilimwita mara moja kwa jina lake la utotoni, ambalo hakuna mwingine aliye hai anayelijua isipokuwa mimi. Aliinua mkono bila kugeuka.

Mkaguzi alirudi akanionyesha pa kutia sahihi. Nikatia.

Siku hizi napanga samaki wa watu wengine kwenye kile kiwanda cha barafu. Yule msimamizi alinionea huruma, ingawa kapu lake hakulipata. Leseni niliisikitikia mwezi mmoja, kisha nikazoea, mtu huzoea. Randa hatukugombana. Nikiugua analeta matunda, na sikukuu anawaleta watoto. Ila tangu tupate akili mimi na yeye hatukuwahi kuamkiana, tulikuwa tukionana tunaanza na matusi ya utani, yeye ananiita mzee wa vidagaa, mimi namwita mzee wa stuli. Tulilala kitanda kimoja mpaka nilipooa. Sasa nikifika kwake anaacha kazi, anafuta mikono, anasimama wima na kuniambia shikamoo, kama ninavyosikia akiwaambia wazee wanaokuja kuulizia bei za vitanda. Shemeji ananiletea kiti na maji ya kunywa, glasi imejaa mpaka juu.

Nami naitikia marahaba. Nifanyeje?